Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu: Tumbo la Mwanetu Halijalala

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeisoma picha ya karatasi ya majibu ya kipimo cha damu uliyonitumia usiku, pamoja na lile neno "chanya" ulilolizungushia wino mara mbili. Umeniuliza inakuwaje mtoto wa miaka sita awe na bakteria aitwaye H. pylori tumboni ilhali anakula, anacheza na halalamiki, na kama ukimya huo hauonyeshi kwamba kinga yake ni dhaifu. Nakujibu hadharani, kwa kuwa si wewe peke yako unayekosa usingizi kwa swali hilo.

Watu wengi wenye bakteria huyu walimpata utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumbani mwao. Bakteria huyo hutengeneza kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia ili kupoza makali ya asidi, kisha hujichimbia katika ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo. Mikia yake nayo imeundwa kwa protini ambayo vipokezi vya kinga, vilivyozoea kuitambua mikia ya bakteria wengine, haviishtukii.

Hata hivyo kinga ya mtoto humwona. Daktari akichungulia kwa kamera, mara nyingi hukuta sehemu ya chini ya tumbo la mtoto wa namna hii imejaa vinundu vidogo, mfano wa ngozi iliyosisimka kwa baridi. Ni makundi ya seli nyeupe za damu, askari wa kinga, yaliyokusanyika hapo. Tofauti na watu wazima iko katika amri zinazotolewa. Watafiti waliolinganisha vinyama vilivyochukuliwa kutoka matumbo ya watoto na ya watu wazima nchini Chile waliona kwamba, ingawa wingi wa bakteria ulilingana, watoto walikuwa na uvimbe mdogo zaidi na vidonda vichache, na pia walikuwa na seli T za udhibiti kwa wingi zaidi, yaani zile zinazotoa kemikali za kuwatuliza askari wenzao wasije wakaubomoa ukuta wanaoulinda. Mimi siuiti huo udhaifu. Naona ni kujizuia, na kujizuia huku kuna gharama yake, kwani bakteria asiyefukuzwa huendelea kukaa, na kwa baadhi ya watu huleta vidonda au hata saratani miaka mingi baadaye.

Kuhusu kipimo chenyewe, niseme wazi kwamba sikufurahishwa nacho. Damu huonyesha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kijidudu, nazo huweza kubaki muda mrefu hata bakteria akishaondoka, ndiyo maana miongozo ya madaktari wa watoto haishauri kuitegemea. Kinyesi au pumzi hueleza zaidi kama yumo sasa, ingawa mtoto asiye na dalili kwa kawaida hahitaji hata kutafutiwa. Kwa hiyo usimwanzishie antibayotiki kwa karatasi hiyo pekee. Zirudishe kabatini mpaka daktari wa watoto amwone.

Lakini akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akipungua uzito, au akiwa na upungufu wa damu usioitikia dawa ya madini ya chuma, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, nami utanieleza mkiwa njiani.

Dada yako