Kabla ya kupanda Tshivanga na kamera

Bukavu, mwezi wa tano

Ndugu yangu Ilunga,

Jambo sana. Salamu kwa mama watoto na kwa jamaa wote wa Kamalondo.

Umeniuliza kama kundi lenu likodi lenzi ya milimita 600 kwa ajili ya gorila wa mbuga ya Kahuzi-Biega, ile ya hapa karibu na Bukavu ambayo mnaiingilia Tshivanga. Hapana, msikodi. Gorila hawapigwi picha kutoka mbali, wala hawapigwi penye jua.

Tuanze na umbali. Mpaka wa chini uliozoeleka ni mita 7, na waongozaji wengi siku hizi wanapendelea 10, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Kwa mita 10, lenzi ya 200 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha) inaona upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.2. Dume mwenye mgongo mweupe akikaa kitako anaijaza picha. Kwa umbali huohuo ile ya 600 inaona sentimita 60 tu, yaani uso, tena uso wenye jani mbele yake. Wenye kamera za sensa ndogo wapunguze theluthi ya upana huo: 200 yao inaona mita 1.2, na inatosha kabisa.

Halafu giza. Chini ya miti na mianzi, hata saa sita mchana, jiandaeni kwa ISO 3200 (wepesi wa sensa kushika mwanga), f/2.8 (tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na kasi ya 1/250 ya sekunde. Lenzi nyingi za bei nafuu zinazofika 300, ukizivuta mpaka mwisho zinafunguka f/5.6 tu. Hizo ni hatua mbili za mwanga zimepotea, na kila hatua ni nusu ya mwanga: ama upande mpaka ISO 12800, ama ushuke 1/60 na kila mtoto wa gorila anayeruka aonekane kama moshi. Kwa hiyo fedha za kukodi lenzi zitieni kwenye 70-200 ya f/2.8, hata mbili kwa kundi zima, na mhakikishe mapema kwamba zinaingia kwenye kamera za wale watakaozitumia, maana ya Canon haishiki kwenye Nikon. Asiyepata asihuzunike. 85 ya f/1.8 ni ndogo, si ghali sana, na kwa mita 10 inaona upana wa mita 4 na kidogo, ndipo jamaa nzima ya gorila inapoingia pamoja na msitu wake. Mimi ningeichagua hiyo kabla ya zoom yoyote ya giza.

Manyoya meusi ndiyo yanayoharibu picha nyingi. Kamera ikiona kitu cheusi kimejaa katikati inadhani mwanga umepungua, inauongeza, na mnapata gorila wa kijivu mbele ya majani yaliyoungua kwa weupe. Shusheni mwanga kwa hatua 0.7 hadi 1.3, kisha mtazame grafu ya mwanga, si kioo cha nyuma peke yake, kwa sababu kioo kikitazamwa gizani kinadanganya kwa kung'aa. Pigeni faili ghafi za RAW. Mianzi inapaka kila kitu rangi ya kijani, na kwenye JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaikamilisha yenyewe, kijani hicho hakitoki vizuri.

Kuhusu kulenga: acheni ule mtindo wa kamera kujichagulia. Itashika jani la karibu kila mara. Wekeni nukta moja ndogo ya kulenga, juu ya jicho. Kwa 200 kwenye f/2.8 na umbali wa mita 10, sehemu iliyo kali ina kina cha kama sentimita 40, basi ukishika bega badala ya jicho, uso unaweza kupotea. Kamera zinazotambua macho ya wanyama husaidia, lakini mbele ya uso mweusi uliojificha kwenye majani huchanganyikiwa, na hapo mtarudi kwenye nukta moja. Zimeni fleshi, na zimeni pia ile taa ndogo ya kusaidia kulenga, ambayo watu huisahau kwa sababu wanafikiri wameshazima kila kitu. Simu nazo vilevile. Kipande cha utepe mweusi wa gundi juu ya taa kinamaliza ubishi. Mlio wa kamera, kama unazimika, uzimwe.

Mazoezi fanyeni hukohuko Lubumbashi. Tafuteni mbuzi mweusi, mfungeni chini ya mwembe wenye kivuli kizito mnamo saa kumi na moja jioni, mpime hatua kumi, na kila mtu apige mpaka apate jicho kali na manyoya meusi yenye mistari inayoonekana. Vaeni barakoa mnapofanya hivyo. Nasema kwa uzito: mbele ya gorila barakoa ni lazima, na pumzi inayotoka juu ya pua inapanda moja kwa moja kwenye kitundu cha kuchungulia na kukijaza ukungu. Ukifuta, unarudi. Dawa yake ni kuchagua barakoa yenye waya wa pua, kuubana vizuri, na kubandika utepe wa duka la dawa juu ya ukingo wake. Wenye miwani watajua hilo ndani ya dakika moja ya zoezi.

Unyevu unatoka njia mbili. Mvua ni ile mnayoiona. Hapa kwetu inatulia mwezi wa sita hadi wa nane, ndiyo maana tarehe zenu ni nzuri, ila mlimani haitulii kabisa, na majani yaliyolowa asubuhi yanawamwagia maji hata bila mvua. Njia ya pili ni mvuke: kamera iliyopoa ndani ya gari lenye kiyoyozi ikitolewa ghafla inashika matone ndani na nje ya kioo. Mwambieni dereva azime kiyoyozi tangu Miti, pale njia inapokunja kwenda mbugani, na mfungue mifuko kidogo nusu saa kabla ya kushuka. Kwenye kila mfuko wekeni paketi za silika jeli, zile za kunyonya unyevu. Mchele achaneni nao, unakausha polepole na unaacha vumbi. Kama ndege ya Kavumu, uwanja wa hapa Bukavu, haipo na mtapitia Kigali, kumbukeni kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na watainyang'anya mpakani. Chukueni mifuko ya kitambaa isiyopitisha maji, na koti la mvua la kamera. Taulo ndogo mbili kwa kila mtu: moja ya kamera, moja ya mikono, zisichanganywe.

Umeme wa Bukavu unaujua kwa sifa, kwa hiyo msitegemee usiku wa mwisho. Kila kamera iwe na batri tatu zilizojaa tangu mnapoondoka nyumbani. Kuhusu powabanki watu wanakosea hesabu: wanaona 20000 mAh upande mmoja na 2000 kwenye batri ya kamera, wanagawanya, wanapata kumi. Voltaji si moja. 20000 kwa volti 3.7 ni Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati yenyewe), na batri ya kamera ya volti 7.2 ina Wh 14.4. Mkiondoa theluthi inayopotea njiani, inajaza batri tatu. Ya 30000 inapita Wh 100, na kwenye ndege italeta maneno. Batri zote zisafiri mkononi, si kwenye sanduku la chini. Ralonji moja (waya wa kurefusha umeme) yenye matundu mengi itawaokoa hotelini, ambako chumba huwa na tundu moja, tena nyuma ya kitanda.

Kadi za kumbukumbu: mbili za GB 64 ni bora kuliko moja ya 128, kwa sababu kadi ikifa inakufa na yote. Faili ghafi ya megapikseli 24 ina kama MB 30, kwa hiyo GB 64 zinabeba picha 2000 hivi. Saa za kamera zilinganisheni. Lubumbashi na Bukavu tuko saa moja, lakini yule mwenzenu wa Kinshasa yuko nyuma kwa saa moja, na picha zake zitavuruga mpangilio mtakapozikusanya.

Sasa watu. Mko 12. Ziara moja kwa gorila hupokea wageni wachache, kwa kawaida wasiozidi 8, na inadumu saa moja tu tangu mnapowafikia. Gawanyikeni sita na sita, kwa siku mbili. Msinibishie kwa ajili ya kuokoa siku moja ya hoteli: sita tayari ni wengi kwenye ukorido wa mianzi. Wenye lenzi fupi wakae mbele na kupiga goti, wenye ndefu wasimame nyuma, na kila dakika kumi mbadilishane bila kusubiri kuambiwa. Anayekohoa, anayetoka makamasi au anayeharisha anabaki, hata kama amelipa. Mwelewane hilo kabla, kwa maandishi, pamoja na jinsi fedha zake zitakavyohesabiwa, kwa sababu ndipo makundi yanapogombana. Walio chini ya miaka 15 msiwalete kwenye gorila.

Kabla ya kulipa chochote, biro ya mbuga iulizwe mambo mawili: kama matembezi yamefunguliwa, na barabara ya Miti ikoje. Jibu la mwezi uliopita si jibu. Ulizeni pia kuhusu kibali cha video, maana mwenye kamera kubwa na vinasa sauti anaweza kuhesabiwa kuwa mtu wa filamu, na hiyo ina karatasi zake. Droni iacheni nyumbani. Na kamera zikae mifukoni kwenye daraja la Ruzizi mpakani na Rwanda, kwenye uwanja wa ndege, na popote penye askari. Kuhusu dola zilizopasuka, kwamba hazipokelewi, sina la kukufundisha.

Siku yenyewe mnaondoka mjini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kilometa si mbali, lakini wekeni saa mbili za njia. Mkifika Miti mnakunja kushoto mpaka Tshivanga, ambako ni zaidi ya mita 2000 juu ya bahari, na asubuhi kuna baridi kweli. Wafuatiliaji wa nyayo huwa wameshatangulia kwenye viota ambamo gorila walilala. Kutembea kunaweza kuwa nusu saa au saa nne, hakuna wa kuwaahidi. Begi lisizidi kilo 6: kamera mbili au moja na lenzi mbili, maji lita 2, koti la mvua, chakula kidogo kitakacholiwa mbali na wanyama. Stendi ya miguu mitatu haina kazi huku, inanasa kwenye kila mmea utambaao. Kodini wabebaji, mikono yenu iwe huru. Suruali ndefu nene, soksi juu ya suruali kwa ajili ya siafu, glavu za bustani kwa ajili ya upupu. Buti za mpira ni nzuri kwenye tope, ila kwenye mteremko zinateleza. Mwenye viatu vya mlima vilivyokwisha kuzoea mguu avae hivyo. Vipya vitamchubua kabla ya saa sita.

Lenzi hazibadilishwi mkiwa mnasukumana na majani. Wafuatiliaji wakiwaambia mwache mabegi, hapo ndipo mahali: chagua lenzi, vaa barakoa, piga picha ya begi jeusi la mwenzako kivulini, rekebisha mwanga, kisha endelea. Gorila wakiwa mbele yenu hakuna muda wa kutafuta vitufe.

Siku ya tatu mna uamuzi. Mlima Kahuzi wenyewe, mita 3308, unachukua siku nzima, na mawingu hufunga kilele mapema. Stendi ina kazi huko, ISO 100, f/8, kwa ajili ya mianzi na senesio, ile mimea mikubwa ya milimani juu. Wenye mapafu ya Lubumbashi wapande polepole. Wasiotaka kupanda waende Lwiro, kwenye majengo ya utafiti ya wakati wa Wabelgiji na kituo kinachotunza sokwe mtu walionyang'anywa wawindaji. Hapo mwanga ni mwingi na lenzi zenu za f/5.6 zitafanya kazi.

Jambo moja sitalipitia haraka. Pembeni ya mbuga kuna Batwa, wakaaji wa asili wa msitu, ambao wakubwa wao walitolewa ndani ya msitu huu miaka ya 1970 mbuga ilipoanzishwa na kupanuliwa. Wengine kati yao ndio wanaosoma nyayo mbele yenu. Usimpige mtu picha mpaka umezungumza naye na amekubali, mwonyeshe, na kama mtauza picha hizo au kuzianika maonyeshoni, mwambie wazi. Kumrushia mtoto franka ili acheke mbele ya kamera, hapana. Kama kuna mmoja katika kundi lako mwenye tabia hiyo, umwache Lubumbashi pamoja na ile 600.

Nitumie kabla ya mwisho wa mwezi majina kama yalivyo kwenye kadi ya mpiga kura au paspoti, nani yuko siku ya kwanza na nani ya pili, namba za viatu za wanaotaka buti niwatafutie sokoni Kadutu, na nani hali samaki, kwa sababu chakula cha jioni kitakuwa bugali na sambaza. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu aje nayo mwenyewe mkononi.

Aksanti,
rafiki yako Riziki