Mgonjwa akisema bado anaumia, aaminiwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma tangu nilipoanza kazi ya udaktari wa meno. Ni lile neno "vumilia kidogo", linalotamkwa wakati koleo limeshashika jino.

Hivi karibuni alikaa kwenye kiti changu mama mmoja mwenye gego la chini lililooza. Hata sijamgusa, alikuwa ameing'ang'ania mikono ya kiti kwa vidole vyote. Akanisimulia kwamba miaka mingi nyuma aling'olewa jino la jirani na hilo huku analia, na aliyekuwa akimng'oa akimwambia ganzi imeshaingia, hayo ni mawazo yako tu. Tangu siku hiyo hakumkaribia daktari wa meno, mpaka shavu lilipoanza kuvimba.

Hayakuwa mawazo. Ganzi inaweza kuingia na isishike, na sababu zake zinajulikana. Kwa magego ya chini, dawa humiminwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na pale neva inapozama ndani ya mfupa wa taya. Ukikosea milimita chache, dawa haiifikii ipasavyo. Tena jino lenye usaha lina ukaidi wake: nyama iliyoshambuliwa na vijidudu huwa na asidi zaidi, na penye asidi sehemu kubwa ya dawa hushindwa kupenya utando wa neva. Kuna na mtego mwingine. Mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kabisa ilhali kiini cha jino bado kinahisi kila kitu. Daktari anauliza, "Mdomo umekuwa mzito?" Mgonjwa anaitikia, na kazi inaanza.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili ni kusubiri. Mdomo huanza kuwa mzito baada ya dakika 3 hadi 5, lakini kiini cha gego la chini huweza kuhitaji 10 hadi 15. Najua foleni ilivyo nje ya mlango, nimefanya kazi nayo miaka yote. Hata hivyo foleni haimpi mtu ruhusa ya kung'oa jino lililo macho.

Ikiwa dakika hizo zimepita na bado anaumia, choma tena, juu kidogo ya pale pa mwanzo, au ongeza dawa kwenye utando mwembamba unaolishikilia jino kwenye mfupa. Nafasi ya kuongeza ipo. Katriji, yaani kile kichupa cha dawa kinachowekwa kwenye sindano, ya mililita 1.8 ya lidokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 ina miligramu 36 za dawa. Hata tukifuata kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, mtu mzima mwenye afya wa kilo 60 anaweza kupewa katriji 7 bila kukivuka. Kwa watoto hesabu ni nyingine kabisa: wa kilo 15 hafikishi hata katriji 2, kwa hiyo apimwe uzito kwanza.

Sindano yenyewe nayo haihitaji kuwa mateso. Kausha ufizi, paka jeli ya ganzi, subiri dakika moja au mbili, kisha sukuma dawa taratibu, mililita moja kwa dakika. Kinachouma sana mara nyingi ni dawa inayosukumwa kwa pupa.

Na mgonjwa aelezwe mapema kwamba ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi hisia ya kusukumwa na kuvutwa. Akilijua hilo, ataweza kukuambia lipi ni lipi.

Lidokeini iko sokoni tangu 1948. Sioni sababu ya mtu kupiga kelele kwenye kiti cha meno leo.

Yule mama tulikubaliana ainue mkono wa kushoto akisikia uchungu. Aliuinua mara mbili, na mara zote mbili niliweka koleo chini, nikaongeza dawa, tukangoja. Mara ya tatu mkono ulibaki mapajani. Kwa wanaosoma barua hii na wana miadi ya kung'oa jino: ombeni ishara hiyo kabla hamjafungua kinywa, kwa sababu baadaye hamtaweza kuongea.

Daktari wa meno