Mama, msomee Kaka hii barua

Mama mpendwa,

Salamu kutoka Leeds, na poleni kwa mvua. Ujumbe wa Kaka niliupata Jumapili nikitoka kanisani. Mambo ya mabati nimesikia. Ya ua wa kayaba kule Njoro pia nimesikia, na Baba Mdogo asing'oe hata mti mmoja mpaka nije. Lililoniuma ni lile neno la mwisho, ati huku nalipwa kucheza na doli. Na kumbe amelitangaza ploti nzima!

Basi msomee kwa sauti.

Alhamisi nilijifunga tumbo la bandia liitwalo MamaNatalie, hutengenezwa na watu wa Norwei. Ndani mna mtoto tuliyemjaza maji ya vuguvugu, kama lita 2, na usipomshika shingo kichwa kinaanguka nyuma kama cha mtoto wa kweli. Kuna pia mfuko wa damu ya rangi ambao naufungulia mwenyewe, wanafunzi wa ukunga wasione. Nikajifungua vizuri. Mtoto akalia, wakaanza kupongezana, nami nikafungulia damu. Ikatiririka mpaka kwenye viatu vyao na bado wanampangusa mtoto! Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Jamani nakufa!" Hakuna aliyeelewa, lakini msichana mmoja mpole, ambaye huwa haongei darasani, aligeuka, akaniwekea mkono tumboni akaanza kukanda ili damu ikate, huku akiita wenzake. Alikanda kwa nguvu mpaka nikamwonea huruma, nikaifunga damu kidogo kidogo.

Halafu tukaketi, tukaulizana nani aliona nini na alichelewa wapi. Kufundisha kwenyewe kuko hapo. Aliyekosea hagombezwi, maana hakuna aliyezikwa.

Nilimkumbuka marehemu Tata, Mama. Jioni hiyo chakula hakikupita.

Ila mwezi ujao nitakuwa nafundisha walimu wa hayo mafunzo. Mimi wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru! Picha nitatuma, uwaonyeshe wamama wa chama, na usisahau yule aliyesema sitafika mbali. Baridi nimeizoea. Mukimo wa huku najipikia, unatoka kama uji, na mahindi ya kuchoma ya pale steji nayaota.

Pesa za mabati nitatuma tarehe 28 mshahara ukiingia. Nitatuma kwa laini yako, si ya Kaka. Yeye mwambie doli inamsalimia.

Wako,
Kitinda mimba