Kabla Hatujakuuzia Dawa ya Magaga, Vua Viatu Vyote Viwili

Mteja akiingia dukani kwetu hapa Njombe na kuomba dawa ya magaga, tunamkaribisha kiti, tunamwomba avue viatu vyote viwili, kisha atandaze viganja mbele yetu. Wengine hushangaa, hasa wenye haraka ya kuwahi gari la Makambako. Lakini ngozi kupasuka ni dalili tu, na vyanzo vyake ni vingi. Krimu inayomponya mmoja inaweza kumzidishia mwingine ugonjwa.

Viganja na nyayo hazina tezi za mafuta. Ngozi ya sehemu nyingine hujilainisha yenyewe kwa mafuta yake, ila hapo kuna tezi za jasho peke yake. Isitoshe, tabaka la juu la ngozi ya nyayo linafika unene wa milimita 1.5, wakati la kope ni kama milimita 0.05. Ngozi nene ikipungukiwa maji hainyumbuki, inapasuka. Ndiyo maana kuanzia Juni hadi Agosti, baridi na upepo mkavu wa huku juu vinapokolea, foleni dukani huwa ndefu. Maji ya moto sana ya kuogea na kukaa karibu na jiko la mkaa huikausha ngozi zaidi.

Magaga ya kawaida tunayatambua upesi. Yako kwenye kingo za visigino, miguu yote miwili, ngozi ni nene yenye unjano, mipasuko imesimama wima, na mara nyingi hayawashi. Yanawapata zaidi wanaoshinda wamesimama, wenye uzito mkubwa, na wavaaji wa ndala: kisigino kisichoshikwa na kiatu hutanuka pembeni kila unapokikanyagia, na ngozi kavu inashindwa kufuata.

Fangasi ndio wanaodanganya watu wengi. Wayo unakuwa mkavu na mistari yake inajaa weupe kama umekanyaga unga wa sembe. Ukavu unapanda hadi pembeni mwa mguu, ngozi kati ya vidole inabanduka, kucha zinakuwa nene na kubadilika rangi. Na kuna alama moja tunayoitafuta sana: nyayo zote mbili zimeathirika, lakini kiganja ni kimoja tu, mara nyingi cha mkono unaokunia miguu. Kama mteja angetuonyesha mguu mmoja tu, tusingeiona. Wanaoshinda ndani ya gambuti shambani wanaifahamu hali hii, maana mguu unachemka humo mchana kutwa. Kuthibitisha si kazi kubwa: maabara hukwangua ngozi kidogo, wakaweka tone la potasiamu haidroksaidi, wakaangalia kwa darubini.

Hapa tunasema kwa msisitizo. Tafadhali acheni kupaka krimu za steroidi kwa kubahatisha, zikiwemo zile za mchanganyiko zinazosifiwa kuwa zinatibu kila kitu. Steroidi hupunguza wekundu na muwasho, mtu akaamini amepona, huku fangasi wakienea. Anapokuja kwetu baada ya miezi, alama zimeshabadilika na hata daktari anapata shida kuzisoma.

Mikono ina habari yake. Ngozi ikipasuka mgongoni mwa mkono, kati ya vidole au chini ya pete, tunauliza kazi kwanza. Dada anayefua kwa sabuni ya unga na jiki, mama ntilie anayeosha vyombo kutwa, fundi anayeshika saruji mbichi, mkulima wa viazi anayechanganya dawa ya ukungu bila glavu: hao wote ngozi yao inavuliwa kinga kidogo kidogo. Ngozi hupenda uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) ya karibu 5, na sabuni ya mche iko kati ya 9 na 10. Matokeo ni ukurutu wa mguso, yaani ngozi kuvimba na kuwasha kwa sababu ya kitu inachokigusa. Saruji ina kromiamu ambayo kwa baadhi ya mafundi huleta mzio, na mzio huo ukishaingia hauondoki kirahisi. Swali letu muhimu ni hili: ukipumzika kazi wiki mbili, mikono inapata nafuu? Jibu likiwa ndiyo, tumeshakaribia chanzo. Penye utata, mtaalamu wa ngozi hubandika vibandiko vya kupimia mzio mgongoni na kuvisoma baada ya saa 48.

Mabaka mazito yenye mpaka unaoonekana wazi, pamoja na mengine kwenye viwiko, magoti au kichwani na kucha zenye vishimo, yanatufanya tufikirie soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu. Hiyo haiambukizi, na matibabu yake si ya dukani.

Yapo mambo ambayo hatuuzi kitu mpaka mtu apimwe. Kisukari huharibu neva za miguu. Jasho linakoma, ngozi inakauka, na mtu anakanyaga msumari asijue. Mwenye magaga yasiyouma ingawa yamechimba hadi damu, anayekojoa mara kwa mara na kusikia kiu, tunampeleka kupima sukari siku hiyo hiyo. Kipimo cha kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikarudiwa na kubaki hivyo, ni kisukari. Ukoma nao hukausha mikono na miguu kwa njia ya neva, kwa hiyo tunatazama kama kuna baka lililopauka lisilohisi mguso. Tunajua neno hilo linatisha, lakini dawa zake nchini hutolewa bure, na ukiwahi unaponyesha mikono yako. Vipele visivyowasha kwenye viganja na nyayo vinahitaji kipimo cha kaswende. Ukavu wa mwili mzima pamoja na uchovu, kuhisi baridi kuliko wenzako na kuongezeka uzito huenda ukatoka kwenye tezi ya thairoidi iliyoko shingoni.

Kwa magaga ya kawaida, huduma yetu ni hii: unaloweka miguu dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya uvuguvugu, tunasugua taratibu kwa jiwe, tunakausha na kupaka krimu ya yurea papo hapo. Ya asilimia 10 inashika maji kwenye ngozi, ya asilimia 25 inalainisha ngozi ngumu. Nyumbani usiku unapaka mafuta ya mgando na kuvaa soksi za pamba. Kuna watu wanaona nafuu wiki ya kwanza wakaacha. Endelea hadi mwezi. Hatukati ngozi kwa wembe, na tunakusihi usizibe mipasuko kwa supaglu wala kupaka mafuta ya taa.

Kama una kisukari na mpasuko umefunguka, unatoa usaha au mguu umevimba, usije kwetu, nenda hospitali moja kwa moja. Wengine karibuni. Siku ya kuja usipake chochote miguuni wala mikononi, na utuletee krimu zote ulizokwisha tumia, hata mirija iliyoisha.