Barua kwa mwanangu: fuata gitaa, usifuate chati

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniandikia kwamba muziki wa Afrika wa siku hizi umekuchosha, eti nyimbo zote zinafanana. Zinazofanana ni zile hamsini unazoletewa na simu. Ukisikiliza wimbo mmoja wa Lagos hadi mwisho, programu inakuletea mwingine wenye kasi ileile na mara nyingi prodyuza yuleyule, maana kazi yake ni kukushikilia usiondoke. Kukutembeza bara zima si kazi yake. Hiyo ni yako, na ndiyo maana nakuandikia.

Kabla ya msanii yeyote, tuanze na unachosikilizia. Spika ya simu ni ndogo mno, na sauti nzito, zile zilizo chini ya hezi 200 hivi, hazitoki humo ila kwa taabu. Amapiano ya Afrika Kusini imejengwa hukohuko chini. Sauti yake kuu, log drum, hutengenezwa kwenye kompyuta na hufanya kazi mbili kwa pamoja: inapiga kama ngoma na inaimba kama besi. Kwenye spika ya simu utabaki na kayamba na kinanda, utaapa kwamba wimbo haujaanza. Tafuta hedifoni zinazoziba sikio sawasawa, hata zile za bei ya chini za waya. Zikikaa legelege sikioni, besi inavuja na unarudi palepale.

Ukishazipata, fungua albamu ya Kabza De Small ya mwaka 2020, I Am the King of Amapiano: Sweet & Dust, na usiruke mwanzo wa nyimbo. Kasi ni kama midundo 110 hadi 115 kwa dakika, haina haraka. Kayamba huingia mapema, kinanda kinaweka kodi za jazi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, halafu log drum inaweza kuchelewa dakika nzima na zaidi. Ikiingia, angalia inavyoyakwepa mapigo manne ya kawaida na kutua katikati yake. Mtu aliyezoea kuruka wimbo baada ya sekunde 20 hawezi kuuelewa muziki huu, kwa sababu raha yake imewekwa kwenye kungoja. Kisha msikilize Asake wa Nigeria katika Mr. Money with the Vibe (2022): log drum ileile, lakini juu yake kuna sauti nyingi za kuitikiana zenye harufu ya fuji, muziki wa Wayoruba. Marioo wa Tanzania naye aliichukua kwenye Mama Amina mwaka 2021, akiwa na Sho Madjozi na Bontle Smith. Ala moja, nchi tatu. Ukishindwa kuzitofautisha hizo tatu, rudia kwa sauti ya juu kidogo kabla hujaenda mbele. Na usiichanganye amapiano na gqom ya Durban. DJ Lag, mmoja wa wakali wa gqom, hana subira hiyo: mdundo umevunjwavunjwa, kinanda hakuna, kodi tamu hakuna, kila kitu ni kikavu na kizito.

Kuna mtego mmoja wa kutafuta. Afrobeat na Afrobeats ni vitu viwili. Ile isiyo na herufi ya mwisho ni ya Fela Kuti na mpiga dramu wake Tony Allen, nyimbo za dakika kumi, kumi na tano, zenye tarumbeta, saksafoni na siasa. Hii nyingine ni ya akina Wizkid, Burna Boy na Tems, nyimbo za dakika tatu. Ukiandika jina moja utaletewa yote mawili yakiwa yamechanganywa, na utadhani moja ni toleo la kizee la jingine. Ile ya kwanza bado hai: Seun Kuti anaongoza Egypt 80, bendi ya baba yake, na Made Kuti, mjukuu wa Fela, alitoa albamu ya For(e)ward mwaka 2021 akipiga ala zote mwenyewe.

Sasa Kongo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vijana wengi mnapopitwa. Wimbo wa rumba ya Kinshasa una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuimba, taratibu, mapenzi na malalamiko. Ya pili ni sebene: waimbaji wanapisha, magitaa yanashika usukani, na atalaku anaanza kupiga makelele, kuita mitindo ya kucheza na kutaja majina ya watu, mengine yakiwa ya waliolipia watajwe. Redio nyingi hukata wimbo kabla sebene haijafika, na matoleo mafupi ya mtandaoni hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo ukiona wimbo wa Kikongo una dakika tatu na nusu, tafuta toleo refu. Mchukue Fally Ipupa: Tokooos ya 2017 ilitengenezwa kwa ajili ya soko la nje, nyimbo fupi, zimepigwa pasi. Formule 7 ya 2022 inarudi kwenye rumba. Kwa maoni yangu ya pili ni bora mara mbili.

Namna ya kuisikiliza sebene ni hii. Usijaribu kusikia kila kitu kwa mara moja. Mzunguko wa kwanza fuata besi peke yake. Wa pili fuata gitaa la rithim, lile linalorudia kodi bila kuchoka. Wa tatu fuata mi-solo, gitaa la katikati, linalosuka kipande kifupi cha nota kinachojirudia. Mwisho kabisa ndiyo usikilize solo, lile la juu linalong'aa. Ukianza na solo, masikio yatanasa hapo na hayatashuka tena, na utaukosa ufundi wenyewe, ambao ni jinsi hayo manne yanavyopishana bila kukanyagana.

Kutoka hapo panda hadi jangwani. Magitaa ya Watuareg wa Mali na Niger ni kitu kingine kabisa: kodi chache, nota tano, mdundo unaosukuma mbele, kiimbo cha kuitikia na makofi. Tinariwen ndio waliofungua njia, na albamu yao ya Tassili iliwapa Grammy mwaka 2012. Ila kwa kujifunza ningekupeleka moja kwa moja kwa Mdou Moctar wa Niger, mpiga gitaa wa mkono wa kushoto, kwa sababu amefanya jambo ambalo ni nadra. Mwaka 2024 alitoa Funeral for Justice, umeme mtupu, gitaa linalia hadi linakwaruza. Mwaka 2025 akatoa Tears of Injustice, nyimbo zilezile zikiwa zimepigwa upya kwa magitaa makavu. Weka wimbo mmoja wa albamu ya kwanza, kisha uleule wa albamu ya pili. Kinachobaki pale umeme unapoondolewa ndicho kiini cha mtindo: kidole gumba kinachoshikilia nota ya chini isiyobadilika, na vidole vingine vinavyocheza juu yake. Baada ya hapo wasikilize Les Filles de Illighadad, bendi iliyoanzishwa na wanawake wa kijiji kimoja cha Niger, wanaochanganya gitaa na ngoma ya tende, ambayo ni ya wanawake tangu zamani. Utasikia mdundo wa wanaume umetoka wapi.

Mali ya kusini ni habari nyingine tena. Kora, ala ya nyuzi yenye kibuyu, ina nyuzi 21 na hupigwa kwa vidole vinne tu, gumba na shahada za mikono yote miwili. Gumba zinashika msingi unaozunguka, shahada zinaachiwa kuruka. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika kama watatu. Toumani Diabaté alifariki mwaka 2024, lakini albamu aliyopiga na mwanawe, Toumani & Sidiki (2014), inatosha kukuonyesha: kora mbili, hakuna kingine. Kwa sauti ya kuimba mtafute Oumou Sangaré, albamu ya Timbuktu (2022).

Huna haja ya kwenda mbali sana kupata kitu kigumu. Singeli ya Dar es Salaam hukimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika, na wengi huikimbia nayo. Kosa ni kuihesabu yote. Hesabu nusu: kila mapigo mawili yafanye moja, mwili utapata pa kukaa. Halafu sikiliza kinanda. Vile vipande vifupi vinavyojirudia kwa kasi vina ukoo na mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar es Salaam, na vingine vimenyofolewa kwenye taarabu na kuongezwa mwendo. Anza na Msaga Sumu kwa upande wa maneno, kisha mkusanyiko wa Sounds of Sisso (2017), uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kwa upande wa maprodyuza. Na ukitaka kuisikia taarabu ikiwa ndani ya Bongo Fleva bila kujificha, Zuchu aliimba Mauzauzo na mama yake mzazi, Khadija Kopa. Sikiliza mama anavyolivuta neno na binti anavyolikata.

Kuna muziki utakaokupoteza hesabu: mbira ya Zimbabwe (vijiti vya chuma juu ya ubao, hupigwa kwa vidole), bikutsi ya Kameruni, salegy ya Madagaska. Unahesabu nne, wenyewe wako kwenye sita. Fanya hivi: hesabu moja hadi sita taratibu. Mguu upige kwenye moja na nne. Mkono upige kwenye moja, tatu na tano. Rudia mpaka mguu na mkono visiulizane, ndipo uweke wimbo wa Stella Chiweshe, mpiga mbira. Wengi huanza na wimbo, wakashindwa, wakasema muziki huu hauna mpangilio.

Na ukisikia mkwaruzo kwenye mbira, usidhani rekodi ni mbovu au hedifoni zimekufa. Ni vizibo vya chupa au magamba yaliyofungwa makusudi kwenye ubao ili yatetemeke. Vivyo hivyo Konono N°1 wa Kinshasa: likembe zao, ndugu wa mbira, zilipitishwa kwenye vikuza sauti walivyojiundia, na kunguruma kule kukawa sehemu ya mtindo. Mtu akikuletea toleo lililosafishwa, mrudishie.

Kwa Ethiopia nitakupa jambo moja tu, kwa kuwa una kinanda. Piga do, re, mi, so, la. Hiyo ni tizita, mojawapo ya ngazi za nota za Kiethiopia. Sasa mi na la zishushe nusu hatua kila moja, upige tena polepole, upande na kushuka. Huzuni inayotoka hapo utaikuta kila mahali kwenye muziki wa Addis. Kisha weka Lala Belu (2018) ya Hailu Mergia, mpiga kinanda aliyeendesha teksi Washington kwa miaka mingi kabla ya kazi zake za zamani kutolewa upya mwaka 2013. Utazisikia nota zako.

Ya kutafutia ni machache lakini yafanye kweli. Kila wimbo ukikugusa, fungua sehemu inayoonyesha walioutengeneza. Essence ya Wizkid na Tems, kwa mfano, ina P2J na Legendury Beatz. Tetema ya Rayvanny na Diamond ina S2Kizzy. Lifuate jina la prodyuza au mpiga ala, si la mwimbaji, maana mwimbaji anaweza kubadilisha mtindo kila mwaka kulingana na soko. Fuata lebo pia: Sahel Sounds kwa jangwani, Analog Africa na Awesome Tapes From Africa kwa kazi za zamani, Nyege Nyege Tapes kwa vichaa wa leo. Chukua mabango ya miaka iliyopita ya Sauti za Busara ya Zanzibar, sikiliza majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Ndiko kuliko na mambo. Na tahajia ijaribu kwa namna mbili au tatu, hasa majina ya Kiarabu na Kiamhari, kwani kila mtu huyaandika anavyosikia.

Kuhusu data: dakika moja ya muziki kwa kilobiti 320 kwa sekunde hula kama megabaiti 2.4, na kwa kilobiti 128 karibu megabaiti moja. Ukishusha zaidi ya hapo, kayamba na matoazi ndiyo huharibika kwanza, na huo ndio uhai wa nusu ya muziki niliokutajia. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa ubora wa juu, usikilize nje ya mtandao. Angalia mipangilio pia: programu nyingi hujishushia ubora zenyewe bila kukuuliza.

Wasanii wadogo malipo ya kusikilizwa mtandaoni hayawafikishi mbali. Ukipata albamu unayoirudia, inunue. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya kawaida ya faili, na zipo Ijumaa maalumu ambazo haikati chochote. Ngojea hizo.

Anza na Mdou Moctar, zile albamu mbili, kisha Kongo. Ukifika kwenye sebene, niandikie gitaa la mi-solo linaingia dakika ya ngapi.

Wako,
Baba