Mdogo wangu hakuchelewa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu niko sekondari na sijawahi kukuandikia, ila ile habari yenu ya vifo vya wajawazito imenikaa kooni. Mwandishi kazunguka weee, mwishoni lawama zote kamtwisha mama: kachelewa hospitali, kanywa dawa za kienyeji, kliniki haendi.

Mdogo wangu alienda kliniki zote, kadi yake bado ninayo kabatini, na kituo cha afya tulifika toka mchana kabla uchungu haujakolea. Ilikuwa mwezi wa tatu 2018, huku kwetu Rukwa, mvua zinapiga kwelikweli. Akajifungua saa mbili usiku, mtoto wa kike, tukapiga vigelegele. Afu damu ikaanza. Nesi alikuwa mmoja na wazazi watano, simlaumu yule dada hata kidogo, alikimbia mpaka kandambili zinamvuka, lakini mtu mmoja atajigawaje? Damu inakadiriwa kwa macho tu, khanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, tunaambiwa ni kawaida, mpaka mdogo wangu aliposema haoni vizuri ndo wakashtuka, ndo sindano, ndo tunaambiwa damu ya kuongeza hapa hakuna apelekwe mkoani, gari lipo nje naliona kwa macho yangu, mafuta hakuna, inatakiwa elfu themanini na mimi nina elfu kumi na mbili, nikampigia mjomba, shemeji, mpaka mwenyekiti wa kitongoji, hela zinaingia vipande vipande na wakala kashafunga, tumekuja kuondoka saa saba. Alifia njiani, gari limenasa kwenye tope, kichwa chake mapajani kwangu. Mama anayetoka damu namna ile masaa mawili yanatosha kummaliza, sisi tulikaa matano. Sasa nani alichelewa?

Sikatai, hali imebadilika. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulisema vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai laki moja, ule wa 2022 ukasema 104, na siku hizi kuna m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, unapiga 115 gari linakuja bure. Nashukuru. Ila hao waliobaki nao wanakufa kwa vitu vile vile, kutoka damu, kifafa cha mimba, maambukizi, na dawa zake zinajulikana. Ile sindano ya oksitosini ya kuzuia damu inatakiwa ikae kwenye friji, umeme ukikatika siku mbili inakuwaje? Hilo hamkuuliza.

Na hii ya damu nayo inaniumiza. Tunategemea watoto wa sekondari wachangie, shule zikifungwa benki ya damu inakauka, na wanaume wazima wamejaa uwanjani kwenye mpira na mikono yao mizima!

Mimi naomba kitu kimoja, kila kituo kiweke ubao mweusi getini, kila jioni saa kumi na mbili waandike kwa chaki: gari lina lita ngapi, chupa za damu ngapi na za kundi gani, nesi wangapi usiku huu, friji inafanya kazi au la. Pakiandikwa sifuri, diwani apigiwe simu muda huo huo, sio saa saba usiku.

Yule mtoto anasoma sasa, ananiita mama. Siku akiikuta ile habari yenu atadhani mama yake alikunywa mizizi akakaa nyumbani. Naomba muirekebishe.

Msomaji wenu,
Rukwa