Gauni langu linarudi kanisani mara ya kumi na moja

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilitoa ukurasa mzima wa mavazi ya sikukuu. Picha nzuri, rangi nzuri, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kile kiboksi chekundu cha chini, kilichosema kwamba mwanamke wa mjini anayejijua hatokei Krismasi na nguo ambayo watu wameshaiona. Nilikisoma ndani ya daladala ya Tabata, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, nikaangua kicheko. Dada aliyekaa mbele yangu akataka kujua kuna nini. Nikamshushia gazeti, akasoma. Hakucheka. Akaniuliza, "Kwani uongo, mama?"

Nilifika kituoni kabla sijamjibu. Barua hii ni yake, wewe nisaidie kuifikisha.

Nianze kwa kujieleza, maana anayezungumzia nguo bila kuonekana, watu humvalisha wanavyotaka wao. Nina miaka 48, ni karani wa hesabu kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Nywele zangu ni fupi. Kinyozi wa mtaani kwetu ananichonga kila baada ya wiki tatu kwa shilingi 3,000, na wenzangu wanapokesha saluni tarehe 23 wakisubiri zamu ya kusukwa, mimi nimeshalala. Navaa kitenge cha pamba, gauni lililonyooka linalovuka goti, mikono inafika kwenye kiwiko, mifuko miwili mikubwa. Hereni za shaba. Viatu nanunua mitumba ya Karume, asubuhi na mapema belo linapofunguliwa, na hapo sioni haya kusukumana na binti wa miaka ishirini. Sijifanyi mtakatifu. Napenda kuangaliwa. Nikipita getini siku ya Ijumaa mlinzi akasema "mama leo umetokelezea," kazi za siku hiyo huwa nyepesi.

Kwa hiyo usinielewe kwamba nakuja kuhubiri kubana matumizi. Nakuja kutetea gauni.

Lilishonwa 2013. Kitambaa chake ni kitenge cha kijani, ule ukijani wa chupa, chenye maua ya rangi ya ndizi mbivu, nilikitoa kwenye sanduku la marehemu mama. Mama alikuwa mfanyakazi wa Urafiki, kiwanda kile cha Ubungo tulichojengewa kwa msaada wa Wachina kikafunguliwa 1968. Yeye aliingia miaka ya sabini, akawekwa kwenye ukaguzi: kitambaa kinapita mbele yake, anatia alama penye kasoro. Vipande vya kasoro wafanyakazi waliweza kununua kwa bei ya chini, na nyumbani kwetu hapakuwa na kitambaa kizima hata kimoja. Hiki cha kijani kina sehemu ambapo ua limechapwa mara mbili, la pili likateleza kidogo pembeni, kama unavyoona vitu ukiwa na homa. Fundi alitaka kulikata alitupe. Nikamwambia hapana, hilo ua nataka likae kifuani, upande wa kushoto. Hadi leo watu huniuliza ule mtindo nimeutoa wapi.

Mambo ya nguo za sikukuu niliyajua nikiwa mdogo. Waliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya themanini wanakumbuka maduka yalivyokuwa matupu, na mitumba haikuwa imetapakaa kama leo. Kitenge kikisikika kimefika duka la ushirika, foleni inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Nguo ya Krismasi ilikuwa moja, tena ilishonwa ya kukulia. Mama aliacha pindo la chini lenye upana wa kiganja, amelikunja mara tatu, na kila Desemba alikaa kizingitini na wembe akafumua mkunjo mmoja. Rangi iliyojificha ndani inatoka mbichi kabisa, kama siku ya kwanza, halafu juu yake unabaki mstari wa mkunjo wa zamani, ule usiotoka kwa sabuni wala kwa jua. Nilipofika darasa la pili gauni langu lilikuwa na mistari miwili. Watoto wote mtaani walijua kuisoma: mstari mmoja, Krismasi ya pili, miwili, ya tatu. Sikumbuki aliyenicheka. Kila mmoja alikuwa na mistari yake.

Kuna picha yetu ya 1984. Mimi na dada yangu tumevaa magauni, kaka amevaa shati, yote ya kitambaa kimoja, na nyuma yetu dirisha lina pazia la kitambaa hicho hicho. Huoni vizuri watoto wanaishia wapi na nyumba inaanzia wapi. Hiyo ndiyo picha iliyo sebuleni kwangu, wala si ya harusi.

Basi 2013 nilipompelekea fundi kitenge cha mama, nilimpa sharti moja: ubavuni aache inchi mbili kila upande, na chini aache pindo pana. Fundi wangu ni mzee wa Ilala, cherehani chake ni Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, na maneno yake ni machache. Alinitazama akasema, "Mama unashona na akiba." Akiba hiyo nimeila yote. 2016 nilinenepa, akafumua akaachia. 2021 niliugua nikakonda, akaingiza. Mwaka jana bitana ilichakaa mapajani, na hapo kuna kisa chake.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mwislamu. Sahani zetu zimezoeana. Idi inatoka kwake na pilau, Krismasi inatoka kwangu na pilau, sijui nani alianza. Mwaka jana sahani yangu ilirudi na doti ya kanga juu yake, yenye jina linalojulikana na kila mtu: "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." Kipande kimoja nilijifunga, cha pili nikampelekea mzee wa Ilala akakifanya bitana. Kwa hiyo gauni la Urafiki ndani yake lina kanga, na maandishi hayaonekani mpaka nilivue. Alivyokata, neno "abiria" limeangukia makalioni. Nikikaa kwenye daladala, nimelikalia.

Krismasi hii itakuwa ya kumi na moja. Ingekuwa ya kumi na mbili, ila 2019 niliasi.

Kikundi chetu cha kikoba kiliamua kushona sare. Wanawake kumi na wanne, lasi ya rangi ya maziwa, shilingi 85,000 kila mmoja pamoja na ushonaji, kwa fundi ambaye kwenye simu alikuwa na mishono ya kukutoa machozi. Simtaji. Tulipimwa Oktoba. Tarehe 20 Desemba tukaambiwa njooni kesho. Tarehe 22 umeme ulikuwa umekatika. Tarehe 24 saa nne usiku tulikuwa bado tumejipanga kwenye benchi lake, na yeye ndiyo kwanza anaunganisha mikono, mdomo umejaa pini ili asitujibu. Misa ya mkesha tukaikosia pale pale benchini. Asubuhi nikavaa. Bitana hakuna, alisahau. Lasi yenyewe plastiki tupu, na Desemba ya Dar unaijua, kaskazi limeshaanza, ukitoka bafuni unaanza kutoka jasho kabla hujajifuta maji. Kwaya ilipoanza Utukufu tukainua mikono kupiga makofi, nikasikia kitu kinateleza mgongoni kama mjusi. Zipu. Imeachia katikati, juu imefungwa na chini imefungwa. Utukufu wote niliuimba nimebana mbavu kama kuku aliyenyeshewa, mpaka mama mmoja nyuma yangu akanitupia kanga mabegani. Baadaye mume wangu alikiri kwamba wakati wa kutoka alimpungia mkono mwanamke mwingine, maana kwa nyuma tulikuwa kumi na wanne sawasawa.

Lasi ile sasa inafunika friji. Inawasha hata friji, nadhani.

Dada wa daladala atasema hiyo ni bahati mbaya ya fundi, haihusiani na kurudia nguo. Inahusiana. Niliiacha nguo iliyonijua nikafuata iliyonipima mara moja mwezi wa Oktoba. Halafu jiulize hii aibu ya kurudia nguo ilitoka wapi, maana mama zetu hawakuwa nayo. Mimi naituhumu simu. Zamani nguo waliiona waliokuwapo, na mwakani nusu yao wamesahau. Siku hizi ikishatupiwa mtandaoni, imekufa. Binti yangu ana miaka 21, na kabatini kwake kuna magauni matano ninayoyaita marehemu: yalivaliwa siku moja, yakapigwa picha, yakatundikwa. Mwezi wa Agosti alikwama kwa ajili ya sendofu ya rafiki yake, akaniazima la kijani shingo upande, akisema liko kizamani. Alirudi usiku simu inalia haiachi. Walitaka namba ya fundi. Wengine walitaka kujua lile ua la kifuani limechapwa kwa mashine gani. Kesho yake akaniuliza kama naweza kumrithisha ningali hai. Nikamwambia asubiri kama nilivyosubiri mimi.

Mwandishi wako pia aliita kitenge vazi la mababu zetu. Taratibu kidogo. Nakshi zile za waksi zilianzia kwa Waholanzi waliokuwa wanaiga kwa mashine batiki za Java. Kampuni ya Vlisco iko Helmond tangu 1846, na vingi tunavyouziwa leo Kariakoo vinashushwa bandarini kutoka China. Najua, makaratasi ya baadhi ya makontena hayo yanapita mezani kwangu. Sisemi tusikiite chetu. Kwangu mimi kilikuwa chetu siku mama alipokitia alama ya kasoro halafu akakinunua hivyo hivyo.

Watoto siwahesabu katika ugomvi huu. Mtoto anunuliwe. Nenda Mtaa wa Kongo wiki hii uone suti ndogo zimetundikwa kama samaki wa kukaushwa, na magauni ya marinda yanayosimama yenyewe bila mtu ndani, na zile miwani za plastiki na saa zisizotembea ambazo bila hizo sikukuu ya mtoto wa Dar haijafika. Mimi mwenyewe nimeshabeba za wajukuu wa dada yangu. Ninachoshangaa ni sisi watu wazima kuvalishwa na maduka. Jumamosi iliyopita nimemkuta kijana wa watu mlangoni mwa duka kubwa amevikwa joho jekundu la manyoya na ndevu za pamba, jasho linamchuruzika hadi kwenye buti, juu yake mti wa plastiki umenyunyiziwa theluji. Nilimnunulia maji. Alikunywa kwa kuinua ndevu.

Kuanzia tarehe 20 mji utapumua. Wachaga watakuwa wameshapanda mabasi Mbezi kwenda kwao, na sisi Waluguru tusio na msafara wa kutangazwa tutabaki, au tutakwenda Matombo kimya kimya na kurudi na ndizi. Daladala zitakuwa na viti. Hizo siku tano sita nazipenda kuliko Krismasi yenyewe, kwa sababu unamwona mtu mzima mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, badala ya kuona kwapa lake tu. Ndipo unajua nani ana pigo zake na nani amevaa tangazo.

Ombi langu kwako ni dogo. Mwakani ukitoa tena ukurasa ule, mtume mpigapicha wako nje ya kanisa lolote la Tabata, Mbagala au Magomeni, apige watu waliovaa nguo za zamani, na chini ya kila picha aandike nguo ina umri gani na imefumuliwa mara ngapi. Kiboksi chekundu mnaweza kukiacha, kijazeni hayo.

Na wewe dada uliyeniuliza: ndiyo, uongo. Ukimwona mwanamke amesimama, ua la kifuani linaonekana mawili, ni mimi, njoo tuendelee na mazungumzo. Ila sina hakika kama nitakuwa nalo. Funguo za ofisi zilitoboa mfuko wa kulia, na Jumatatu nilimpelekea mzee wa Ilala alishone. Kasema nilifuate Alhamisi. Alhamisi ipi, hakusema.

Msomaji wako,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam
(Jina langu unalo, usilichapishe, wanakikoba wenzangu wanasoma gazeti hili.)